Jicho limefungika: ni taa, ni chumba, au ni kisawazishi?

Swali: Ninasoma shahada ya uzamili ya mawasiliano hapa Dar es Salaam, na mada yangu ni kutuma data kwa taa za LED ndani ya chumba. Nimeiga chumba cha mita 5 kwa 5, dari mita 3, taa nyeupe 4, kasi megabiti 100 kwa sekunde, kwa kuwasha na kuzima tu. Chaneli nimeiwakilisha kwa modeli ya Rayleigh (ya ishara inayozama na kupanda kwa bahati nasibu) kama tulivyofundishwa kwenye redio, kisha nikaweka kisawazishi cha kulazimisha sufuri, kinachojaribu kufuta kabisa mwingiliano wa biti, chenye vizidishi 7. Mchoro wa jicho (mawimbi ya biti yaliyolazwa moja juu ya jingine) umefungika, yaani 1 na 0 hazitofautishiki. Nimepanda hadi vizidishi 31, makosa ya biti hayapungui, na wakati mwingine yanaongezeka. Je, tatizo ni kisawazishi au ni chaneli? Na nikihamia OFDM, yaani kutuma kwa masafa mengi membamba kwa pamoja, nitapona?

Jibu: Tatizo la kwanza ni chaneli. Lakini hata ukiirekebisha leo, jicho litabaki limefungika, kwa sababu kinacholifunga hasa ni taa yenyewe, na uzito wake wa kuwaka na kuzimika hujautaja popote kwenye swali lako. Wengi wanaofanya mada hii huhangaika na kuta miezi mizima bila kuigusa LED. Nitatumia namba za chumba chako mwenyewe ili uone kila kitu kinakula kiasi gani.

Anza kwa kuachana na Rayleigh. Katika redio, antena ina ukubwa unaokaribiana na urefu wa wimbi, kwa hiyo mawimbi yaliyopita njia tofauti yanaweza kukutana hapo na kufutana, na ukisogea kidogo yanaongezana. Fotodayodi, kipande cha silikoni kinachopokea mwanga, yenye eneo la sentimita mraba 1 iko mbali na hali hiyo. Wimbi la mwanga wa bluu ni takriban maikromita 0.45, hivyo kwenye ubavu mmoja wa fotodayodi yanakaa mawimbi zaidi ya 20,000. Penye kufutana na penye kuongezana vyote vinajumlishwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni, na mkondo unaotoka ni wastani wake. Isitoshe, tunachobadilisha upande wa kutuma ni ukali wa mwanga, na tunachopima upande wa kupokea ni ukali huohuo. Awamu ya wimbi haiingii kwenye hesabu. Kwa hiyo ishara haizami kwa bahati nasibu. Chumba kikitulia, chaneli nayo imetulia, na unaweza kuiandika hivi:

y(t) = R · x(t) ∗ h(t) + n(t)

x(t) ni mwanga unaotumwa, y(t) ni mkondo unaopokewa, R ni uwezo wa fotodayodi kugeuza mwanga kuwa mkondo, nyota ni konvolusheni, na h(t) ni mwitikio wa mpigo wa chumba (kinachofika kwenye kipokezi ukituma mmweko mmoja mfupi sana), ambao hauwezi kuwa na thamani hasi kwa kuwa mwanga hauna hasi. Kelele n(t) kwa sehemu kubwa inatokana na mwanga wa dirishani na wa taa zenyewe, na unaweza kuichukulia kuwa ya Gauss, isiyotegemea ishara.

Sasa h(t) tunaipataje? Chumba cha 5 × 5 × 3 ndicho walichotumia Komine na Nakagawa wa Japani mwaka 2004, na wengi wamekirithi. Tuseme taa zako zimepachikwa darini, kila moja mita 1.25 kutoka kwenye kuta mbili zilizo karibu nayo, na kipokezi kipo juu ya meza yenye kimo cha mita 0.85, kikitazama juu. Nguvu ya njia ya moja kwa moja ni hii:

H = (m+1) · A · cosᵐ(φ) · cos(ψ) / (2π · d²)

A ni eneo la fotodayodi, d ni umbali, φ ni pembe ya kutokea kwenye taa, ψ ni pembe ya kuingilia kwenye kipokezi. Kipeo m ni cha mtawanyo wa Lambert; taa ambayo mwanga wake unapungua hadi nusu kwenye nyuzi 60 ina m = 1, na taa nyingi za kawaida za nyumbani zinakaribia hapo.

Weka kipokezi pembeni, nusu mita kutoka kuta mbili. Taa ya karibu iko umbali wa mita 2.40, na mwanga wake unafika baada ya nanosekunde 8.0. Taa mbili za katikati ziko mita 3.97, nanosekunde 13.2. Taa ya mbali kabisa iko mita 5.07, nanosekunde 16.9. Ukipiga fomula, taa ya karibu inakupa H ya takriban 4.5 kwa milioni. Ukiihesabu hiyo kuwa 1, zile mbili za katikati kwa pamoja zinakupa 0.27, na ya mbali 0.05. Mtawanyiko wa ucheleweshaji, ukiupima kwa uzito wa h² kama wafanyavyo Kahn na Barry kwenye makala yao ya 1997, unatoka nanosekunde 1.4. Biti yako moja ni nanosekunde 10. Hapo hakuna cha kufunga jicho.

Kuna jambo hapa ambalo ningependa ulione kabla hujagusa kisawazishi chochote. Mwanga wa taa ya mbali unaingia kwa pembe ya nyuzi 65, wa taa za katikati kwa nyuzi 57, wa taa ya karibu kwa nyuzi 26. Ukikiwekea kipokezi kizuizi kinachokata kila kinachoingia zaidi ya nyuzi 45, zinabaki njia ya taa ya karibu na sehemu ya mwanga wa kuta, basi. Umesawazisha chaneli kwa duara la plastiki nyeusi bila kuongeza kelele hata kidogo. Hasara yake ni kwamba mtu akisimama kati yako na taa hiyo huna njia nyingine, na kwenye chumba ambacho taa zimeachana zaidi ya hapa, baadhi ya sehemu zitabaki gizani. Hata hivyo, kila unapoweza kuondoa kuchelewa kwa kubana uoni wa kipokezi, ondoa hapo kwanza, kisha ndipo uende kwenye hesabu.

Kuta ndizo zinazofuata. Njia ya kawaida ni ile iliyowekwa na Barry na wenzake wa Berkeley mwaka 1993: unagawa kuta, dari na sakafu katika vipande vidogo; kila kipande kwanza ni kipokezi, kisha kinageuka kuwa taa ndogo yenye m = 1 na nguvu iliyopunguzwa kwa kiwango chake cha kuakisi. Unarudia kwa mwakisiko wa pili, wa tatu, na kuendelea. Wazo la kutumia mwanga uliotawanywa na kuta ndani ya ofisi ni la zamani zaidi, la Gfeller na Bapst wa maabara ya IBM huko Uswisi, 1979, ambao walitumia infraredi.

Jihadhari na gharama. Chumba chako kina nyuso za mita mraba 110. Vipande vya sentimita 5 kwa 5 vinakupa vipande 44,000. Kwa mwakisiko wa kwanza hilo ni jambo la sekunde chache. Kwa mwakisiko wa pili kila kipande kinatuma kwa kila kipande kingine, na unafika jozi karibu bilioni 2 kwa taa moja. Tumia vipande vya sentimita 5 kwa mwakisiko wa kwanza, na vya sentimita 20 kwa wa pili na wa tatu. Vinakuwa 2,750, jozi milioni 7.6 hivi, na kompyuta ya kawaida inazimudu. Usiache kulinganisha hatua ya muda na ukubwa wa kipande: sentimita 20 ni nanosekunde 0.67, kwa hiyo kugawa muda katika visehemu vya nanosekunde 0.1 hapo kunakupa mkia wenye meno meno ambao haupo chumbani.

Kabla ya kuandika programu yote hiyo, fanya makisio ya mkono. Jungnickel na wenzake wa Ujerumani walionyesha mwaka 2002 kwamba mwanga uliotawanyika chumbani unakaribia mkia mmoja unaopungua kwa kipeo, kama mwangwi kwenye ukumbi mtupu. Wastani wa safari kati ya ukuta na ukuta ni mara 4 ya ujazo wa chumba, gawanya kwa eneo la nyuso zake: mita za ujazo 75 mara 4, gawanya kwa 110, unapata mita 2.73, yaani nanosekunde 9.1. Kama kuta na dari zimepakwa chokaa na sakafu ni ya giza, wastani wa kuakisi wa 0.6 si mbaya. Muda wa kupungua ni 9.1 gawanya kwa 0.51 (logi asilia ya 0.6, bila alama ya kutoa), ambayo ni nanosekunde 17.8. Kwa kuwa mwanga wa taa zinazotazama chini unagusa sakafu kwanza, chukua kuakisi kwa sakafu kuwa 0.3; nguvu ya mkia kwa taa zote 4 inakuwa takriban 2.7 kwa milioni, dhidi ya 5.9 za njia za moja kwa moja zikijumlishwa.

Sasa pima kwa ukali kabisa. Chukulia mkia wote umeangukia kwenye biti zinazofuata, na ongeza sehemu ya taa za mbali inayovuka mpaka wa biti. Unapata takriban 3.5 za kuchafua dhidi ya 5.0 za biti yenyewe. Jicho limesinyaa, lakini liko wazi. Chumba kinakuumiza, ila si chenyewe kilicholifunga.

Basi tuje kwenye LED. Taa nyeupe ya kawaida ni chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa njano wa fosfa. Sehemu ya bluu hupita moja kwa moja, sehemu nyingine hunyonywa na unga na kutolewa tena ikiwa ya njano, na unga huo unachukua muda wake. Upana wa masafa wa mwanga wote kwa pamoja huwa megahezi chache tu. Chukua 3. Ukiiandika kama saketi ya oda ya kwanza, muda wake wa kujaa (wa kufikia asilimia 63 hivi) ni 1/(2π × 3 MHz), nanosekunde 53. Linganisha na mkia wa chumba wa nanosekunde 17.8, na mtawanyiko wa njia za moja kwa moja wa 1.4.

Tazama kinachotokea ndani ya biti moja. Unawasha taa, baada ya nanosekunde 10 imefikia asilimia 17 tu ya mwanga wake, na biti imekwisha. Asilimia 83 iliyobaki inamwagikia biti zijazo. Kila sampuli inayofuata ni 0.83 ya iliyotangulia: 0.172, 0.142, 0.118, 0.098, na kuendelea. Biti yenyewe ina 0.172, na jumla ya uchafu wa biti zilizopita inaweza kufika 0.828. Hilo ndilo jicho lako lililofungika, na chumba hakijahusika hata kwa nukta moja.

Hapa ndipo swali lako la vizidishi 7 au 31 linapata jibu. Chaneli ya namna hii inasawazishwa kikamilifu kwa vizidishi viwili: chukua sampuli ya sasa, toa 0.828 ya sampuli iliyopita, gawanya kwa 0.172. Uchafu wote unaondoka. Kiasi cha vizidishi hakikuwa shida yako kamwe. Shida ni kile kitendo cha kugawanya kwa 0.172, kwa sababu kelele nayo inagawanywa pamoja. Sampuli mbili zenye kelele huru zinaongezana hadi mara 1.30, ukigawanya kwa 0.172 unapata mara 7.6, yaani desibeli 17.6 za kelele ya ziada. Kisawazishi cha kulazimisha sufuri kimefanya kazi uliyokiagiza: kimeondoa mwingiliano wa biti na kukuachia kelele. Vizidishi vingine 29 havina kazi ya kufanya, na kama unavikokotoa kutoka kwenye chaneli iliyokadiriwa penye kelele, kila kimoja kinaleta kosa lake dogo. Ndiyo maana makosa ya biti yanapanda.

Dawa zipo, na si zote sawa. Ya kwanza ni MMSE, kisawazishi kinachopunguza kosa lote kwa pamoja, la mwingiliano na la kelele. Kwa masafa kinaandikwa W = H* / (|H|² + N/S), ambapo H sasa ni kile ambacho chaneli inapitisha kwa kila masafa, na N/S ni uwiano wa kelele kwa ishara. Angalia kwenye megahezi 50, ukingo wa bendi yako. LED ya megahezi 3 inapitisha hapo 0.06 tu. Kulazimisha sufuri kunakuza masafa hayo mara 16.7. Kama ishara yako inazidi kelele kwa desibeli 20, N/S ni 0.01, na MMSE inakuza mara 4.4 na kuishia hapo: inakubali mwingiliano kidogo ubaki kuliko kuamsha kelele yote. Gharama ya kuandika programu yake haizidi ile uliyo nayo. Sioni sababu ya mtu kubaki na kulazimisha sufuri kwenye kazi hii, isipokuwa kama mfano wa kulinganishia.

Ya pili ni DFE, yaani kisawazishi chenye mrejesho wa maamuzi: ukishaamua kwamba biti iliyopita ilikuwa 1, unatoa mkia wake moja kwa moja, na kwa kuwa uamuzi hauna kelele, huongezi kelele. Wanafunzi huisifu sana. Kwenye LED yako ingekuokoa desibeli 2.3 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara ni ule udogo wa 0.172 wenyewe, ambao hakuna mrejesho unaouongeza. Tena ukikosea biti moja, kosa linaingia kwenye mrejesho na kuzaa mengine. Bado ningeiweka kwenye tasnifu, maana pale mkia wa chumba unapokuwa mrefu inaonyesha thamani yake.

Ya tatu ni kubadilisha chaneli. Chujio la bluu mbele ya kipokezi linazuia njano inayochelewa, na upana wa masafa unapanda. Tuseme unafika megahezi 15. Muda wa kujaa unashuka hadi nanosekunde 10.6, biti moja inafikia asilimia 61, jicho linafunguka, na vile vizidishi viwili sasa vinaongeza kelele kwa desibeli 4.9 badala ya 17.6. Umeokoa desibeli 12.7. Lakini chujio limekula mwanga. Ikiwa theluthi moja tu imebaki, nguvu ya ishara upande wa umeme imeshuka desibeli 9.5, kwa sababu mkondo unafuata mwanga, na nguvu ya umeme inafuata mraba wa mkondo. Faida halisi inabaki desibeli 3 na kidogo, pamoja na nafuu ya kuzuia sehemu ya mwanga wa dirishani. Usiamini makala inayokuambia chujio ni lazima, wala inayokuambia halifai. Piga hesabu ya taa yako. Mwaka 2009 Le Minh na wenzake wa Oxford walifika megabiti 100 kwa sekunde kwa LED moja nyeupe, wakitumia chujio la bluu pamoja na saketi rahisi ya analogi ya oda ya kwanza upande wa kupokea. Kasi yako ni hiyohiyo, na vifaa vyao havikuwa vya ajabu.

Lini basi chumba kinakuwa mkosaji? Pale njia ya moja kwa moja inapozibwa. Mtu anapoinama juu ya meza, unabaki na mkia wa nanosekunde 17.8 peke yake, sawa na upana wa megahezi 9 hivi. Biti ya kwanza inapata 0.43, uchafu unafika 0.57, na jicho limefungika hata kama LED ingekuwa ya kasi isiyo na kikomo. Pia ukihama kutoka LED nyeupe kwenda kwenye leza za infraredi, taa haikubani tena, na kuta zinakuwa ndiyo hadithi nzima. Iga hali zote mbili, penye njia wazi na penye kuzibwa, na uonyeshe matokeo kando kwa kando. Sehemu hiyo ya tasnifu ndiyo ambayo mimi ningeisoma kwanza.

Mambo machache ya kazi ya mikono, ambayo huharibu matokeo kimyakimya. Kama unafundisha vizidishi kwa LMS, yaani kwa kuvirekebisha hatua kwa hatua kulingana na kosa, ondoa kwanza wastani wa ishara. Mwanga hauna hasi, hivyo ishara yako imekaa juu ya kiwango kikubwa cha mkondo mfululizo, na LMS ikikutana nacho inajifunza kwa mwendo wa kinyonga. Pangilia muda wa sampuli kabla ya kulaumu kisawazishi. Kwenye jicho lililosinyaa, kuteleza nanosekunde 2 kunatosha kuharibu kila kitu. Taja wazi kama uwiano wako wa ishara kwa kelele ni wa mwanga au wa umeme, kwa kuwa desibeli 3 za mwanga ni 6 za umeme. Na ukifika maabara, pima urefu wa nyaya zinazokwenda kwenye taa 4: nyaya za kawaida za shaba huchelewesha takriban nanosekunde 5 kwa mita, kwa hiyo taa moja ikiwa na waya uliozidi mita 3 inachelewa nanosekunde 15, zaidi ya tofauti yote ya njia za hewani tuliyohesabu hapo juu. Kwenye umeme wetu wa hezi 50, taa nyingine za jengo zinaweza kupepesa kwa hezi 100. Kichujio kidogo cha kuzuia masafa ya chini kinatosha, ila usikipandishe sana, kwani mfululizo mrefu wa biti zinazofanana utaanza kuzama.

Kuhusu OFDM: haitakuponya ugonjwa huu, itaugawa tu. Inakata bendi yako katika vibendi vingi vyembamba, na kila kibendi kinasawazishwa kwa kizidishi kimoja. Mteremko wa LED unabaki palepale. Vibendi vya karibu na megahezi 50 vitakuwa na kelele ileile. Faida yake ni kwamba unaweza kuvipa vibendi vizuri vya chini biti nyingi na vile vibovu vya juu biti chache au kuviacha kabisa, jambo ambalo kuwasha na kuzima hakuwezi. Unalipia kwa njia nyingine. Ishara ya OFDM ina pande hasi, hivyo kwenye aina ya DCO unaiinua kwa mkondo mfululizo, na vilele vyake virefu vinakatwa na LED, ambayo mwanga wake haufuati mkondo kwa mstari ulionyooka. Kwenye aina ya ACO, ya Armstrong na Lowery ya mwaka 2006, unatumia vibendi vya namba witiri peke yake na kupoteza nusu ya nafasi. Kwa megabiti 100 na taa hizi, mimi ningemaliza kwanza kuwasha na kuzima kwa MMSE, penye chujio na pasipo chujio, nikiwa na chaneli iliyotenganishwa vizuri: LED peke yake, chumba peke yake, kisha vyote pamoja. Ukitaka kwenda mamia ya megabiti, hapo OFDM yenye kugawa biti kwa vibendi inastahili sura yake.